Aliyeosha Kikombe

Sehemu ya Kumi na Nne

Haya, upanga bado uko juu.

Wiki nzima nimesimamishwa njiani, hata kwa muuza tambuu, naulizwa swali moja: amemkata au hajamkata? Subirini basi. Kaeni vizuri, na aliyeshika chai aiweke chini.

Kwa aliyechelewa, mambo ni haya. Kundi limefika kijiji cha Kusumdanga na linacheza mchana wa jua kali, maana dhoruba ya juzi iliangusha nguzo ya umeme na wenye tamasha hawakutaka watu warudi makwao bure. Nabendu Samanta, miaka ishirini na tisa, ndiye Mwanamfalme Rudraketu, msaka kisasi ambaye mwishoni akili humruka. Mbele yake kapiga magoti mzee Tarapada Ghorui, ambaye mchezoni ni Dhamiri. Dhamiri huingia jukwaani bila kuitwa, humwimbia shujaa yale yaliyomo moyoni mwake, kisha huenda zake. Hagusi kitu jukwaani, hata ua. Hivyo ndivyo wachezao Dhamiri walivyofundishwa, na waliowafundisha walifundishwa hivyo hivyo.

Katika onyesho hili mwanamfalme humwinulia Dhamiri upanga wa bati, amuue ili alipe kisasi chake bila kusutwa na mtu. Leo upanga si wa bati. Nabendu ameunoa mwenyewe siku mbili. Anaamini kwamba miaka mitatu iliyopita Tarapada alimtilia sumu baba yake, Gourhari, aliyekuwa Rudraketu kabla yake, katika kikombe cha shaba cha onyesho la mwisho. Ushahidi wake ni mmoja tu. Mzee Subal, mpamba nyuso, alimwambia kabla hajafa kwamba alimwona Tarapada bwawani anakisugua kikombe kile kwa jivu, na wakati huo hakuna mtu aliyekuwa ameanza kulia.

Basi upanga uko juu, na Tarapada ameinua uso akauona.

Mzee ameshika kazi hii miaka arobaini. Bati na chuma anavijua kwa mlio wa upepo tu. Shingo yake ilicheza kidogo, lakini hakuinuka.

"Nabu," akasema chini chini, midomo haichezi. "Huo ni wa kweli?"

"Imba," Nabendu akamjibu. "Si kazi yako kuimba? Imba."

Tarapada akaimba. Lakini wimbo aliouimba haumo katika mchezo, mpiga zumari akageuka kumtazama mpiga ngoma, na mpiga ngoma akabetua mabega.

*Nilikiosha mimi, mwana wa rafiki yangu,*
*nilikiosha kwa mikono hii miwili.*
*Muulize aliyekwenda kwa nini nilikiosha,*
*usiuulize upanga, upanga haukuwapo.*

Miaka mitatu Nabendu alikuwa anamsubiri mtu huyu akiri, na sasa amekiri mbele ya watu elfu sita walioketi pande zote nne za jukwaa. Ushahidi gani tena zaidi ya huo? Akawageukia watu.

"Sikilizeni," akapaza sauti. "Mimi si Rudraketu. Mimi ni Nabendu, mtoto wa Gourhari Samanta. Baba yangu alikufa juu ya mbao hizi hizi, na huyu ndiye aliyemuua. Mmemsikia kwa masikio yenu. Mwiteni polisi."

Hata muuza bisi za mchele akaacha kuita.

Kisha makofi yakalipuka. Yalianza upande wa wanawake, yakazunguka, yakarudi. Mzee mmoja mstari wa mbele akajifuta machozi kwa kitambaa cha begani, akamwambia jirani yake, "Kijana kampita baba yake. Umesikia alivyolitaja jina la marehemu? Mwili umenisisimka." Shada la maua ya manjano likarushwa kutoka huko nyuma likanasa kwenye upanga.

Jamani, mtu afanye nini hapo? Wiki tatu nzima Nabendu haoshi rangi usoni, anaongea na kile kiti kimoja cha jukwaani, anacheka peke yake kwenye chakula. Alianza kwa makusudi, ili Tarapada amwone mwehu na asimwogope. Siku hizi hajui tena makusudi yaliishia wapi. Kundi zima linasema Rudraketu kampanda kichwani. Na leo, siku anasema neno moja la kweli, watu wamelipenda kama maneno ya mchezo.

Upanga ukashuka taratibu, shada likadondoka. Mpiga zumari akaona hapo ndipo pa kuingilia, akapuliza, onyesho likafungwa. Hajamkata, ndugu zangu. Hajamkata.

Wakarudi wote wawili kwenye hema la kuvalia, kwa kile kinjia kinachopita katikati ya watu, huku wanapigwa mabega na kusifiwa.

Ndani ya hema Nabendu akamkaba mzee ukosi wa joho, akambana kwenye sanduku la mavazi.

"Umekiri."

"Nimekiri kuosha."

"Kuna tofauti gani?"

"Ipo kubwa. Niache nipumue nikwambie."

Nabendu akamwachia. Tarapada akakaa juu ya sanduku, akajipapasa shingo. Alionekana mzee kuliko umri wake.

"Baba yako alikuwa na uvimbe kooni," akasema. "Daktari wa Kolkata alimpa miezi sita, na sauti alimwambia itakwenda kwanza. Gourhari bila sauti, Nabu. Angekuwa nani? Mshika pazia? Akaamua mwenyewe. Alitia mwenyewe, akanywa mwenyewe, mbele ya watu wake. Mimi nilijua baada ya kumwona anaanguka vibaya. Katika mchezo yeye alikuwa haanguki vibaya."

"Ukakimbilia kuosha."

"Polisi wangekiona kikombe wangemchukua. Unajua wanakowapeleka watu wa namna hiyo. Wangempasua kama samaki, kisha wakurudishie vipande. Mimi nilitaka siku ya kumchoma umtie moto mdomoni mwili wake ukiwa mzima, kama mtoto anavyomtia baba yake. Na ulimtia."

Nabendu alimtia, ni kweli. Alikizungushia kitanda cha kuni cha maiti ule moto, akaugusisha midomoni mwa baba yake, na harufu ile haijamtoka puani mpaka leo. Alitaka kuamini. Niseme wazi, hakuna alichokitaka zaidi duniani, maana kama ni kweli basi hana wa kumuua, na anaweza kwenda kulala.

"Nionyeshe," akasema. "Kitu chochote. Nionyeshe."

"Aliniachia barua."

"Iko wapi?"

"Usiniulize iko wapi, mwanangu."

"Baba mdogo, iko wapi?" Nabendu akamwita kama alivyomwita tangu utotoni.

Tarapada akatazama chini. "Nilikuwa nimeificha ndani ya kinanda changu. Kwenye mvukuto, chini ya ngozi."

Mnakikumbuka kinanda kile? Sehemu ya kumi na mbili. Nabendu alikipasua kwa shoka akakitia kwenye jiko la mpishi, ili kumkomoa mzee kabla ya kumuua, na wasomaji wangu wengine mkanipigia simu mkimsifu. Kiliungua saa nzima. Mpishi alipikia dengu.

Nabendu akakaa chini mchangani. Mkufu wa mwanamfalme ukamning'inia shingoni.

"Unasema hivyo kwa sababu unajua kimeungua."

"Ningekuwa wewe, na mimi ningesema hivyo hivyo," Tarapada akajibu.

"Kwa nini hukunionyesha mapema? Miaka mitatu yote?"

"Ungependa kujua kwamba baba yako alichagua kukuacha? Mimi niliona afadhali uamini moyo ulisimama."

Jibu zuri. Ndilo lililomtesa Nabendu, uzuri wake. Mtu mkweli angelijibu hivyo, na mwongo aliyekaa miaka mitatu akijiandaa angelijibu hivyo pia. Akalipindua kichwani mara kumi na kila mara likatoka na uso mwingine.

Kengele ya kwanza ya kuitia onyesho la mwisho ikalia.

Mlango wa hema ukafunuliwa, akaingia Sulekha. Ni dada mkubwa wa Nabendu, wamezaliwa tumbo moja, na mchezoni, tangu siku za baba yao, ndiye Malkia, mama wa Rudraketu, yule anayemletea mwanawe kikombe bila kujua kilichomo. Sari nyeupe yenye upindo mwekundu, uso umepakwa vizuri, hakuna tone la jasho.

"Nyie mnabembelezana nini humu na kengele imelia?" akasema. "Nabu, inuka. Rangi inakuchuruzika, utawatisha watoto. Baba mdogo, umekunywa maji lakini? Sauti ilikuwa inakwaruza."

"Nimekunywa, mama," Tarapada akamwambia.

"Umekunywa wapi, nawe mkaidi. Mtungi huo hapo."

Akaliendea sinia juu ya meza. Juu ya sinia, kimefunikwa kwa kitambaa, kipo kikombe cha shaba.

Sasa hapa niungame, maana kuna jambo niliwaficha wiki iliyopita. Kikombe kile hakina maji ya sukari kama siku zote. Asubuhi, watu wanakula, Nabendu alitia ndani yake sumu ya wadudu wa mpunga. Alipanga amalize kazi kwa upanga, kisha auendeleze mchezo mpaka mwisho na afe alipofia baba yake. Hakumwambia mtu. Hata mimi alichelewa kunijulisha.

Sasa upanga umeshindwa kufanya kazi. Mwenye busara angeinuka, akachukua kikombe, akakimwaga nyuma ya hema. Hatua nne tu.

Nabendu aliziona zile hatua nne. Lakini kama mzee anadanganya, je? Basi baba yake amekufa bure na yeye mwanawe ni mpuuzi, na kikombe ndicho kitu pekee kilichobaki. Na kama anasema kweli? Basi yeye ameichoma sauti ya mwisho ya baba yake ili dengu ziive, na kikombe anakistahili zaidi. Alitaka dakika moja tu afikiri.

Sulekha akanyanyua sinia.

"Dada," Nabendu akaita.

"Nini?"

Sulekha akasimama mlangoni, amemgeukia nusu, anamsubiri. Alimsubiri kweli, si haba.

"Basi," Nabendu akasema. "Tangulia."

Akatangulia. Tarapada alikuwa anamtazama Nabendu, si Sulekha, na mzee yule hakuwa mjinga. Aliona macho ya kijana yanavyolifuata lile sinia.

Kengele ya pili, ya tatu.

Onyesho la mwisho huchukua dakika kumi. Leo lilikwenda nusu saa. Nabendu alisimama katikati ya jukwaa, kikombe mkononi, akasema maneno yake yote, yakamwishia, akaanza kusema ya kwake. Akakiuliza kiti. Akaiuliza mbingu. Mpiga ngoma akampa ishara mara mbili kwamba jua linashuka, wenye mkokoteni wanataka kwenda. Sulekha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jukwaa, mikono mapajani, kama mchezo unavyotaka.

"Ninywe?" Nabendu akawauliza watu. "Niambieni nyinyi. Ninywe au nisinywe?"

"Usinywe," wakaitikia wanawake, kama wanavyoitikia kila mwaka.

"Kunywa, tukalale," mlevi mmoja akasema kwa nyuma, watu wakacheka.

Nabendu akakileta kikombe midomoni. Harufu ikampanda. Akakishusha. Akakileta tena.

Hapo ndipo watu wa njiani walipoanza kupisha. Tarapada anakuja kwenye kinjia, joho la manjano, miguu mitupu. Zamu yake ilikwisha tangu onyesho la upanga. Wanamuziki wakajua ameamua kuongeza wimbo, wakajiweka tayari kumfuata.

Hakuimba. Alipanda jukwaani, akamwendea Nabendu, akaunyosha mkono akakishika kikombe.

Zumari lilikatika hapo hapo. Mpiga ngoma alisimama wima. Miaka arobaini, na mikono ile haijawahi kugusa kitu juu ya mbao. Mzee wa mstari wa mbele akasema, "Mungu wangu, Dhamiri kashika," na akavua viatu vyake, sijui kwa nini.

Wakabaki wamekishikilia wote wawili. Tarapada akainamisha pua.

"Umetia wewe?"

Nabendu akaitikia kwa kichwa.

"Kwa ajili yangu au yako?"

"Yangu."

"Niachie."

"Niambie kweli kwanza. Mara moja tu. Ulimuua?"

"Nimeshakwambia. Sasa sema wewe. Unaniamini, Nabu? Sema ndiyo, nikimwage hapa hapa twende zetu tukale. Sema hapana, ni haki yako. Lakini sema."

Elfu sita wakangoja. Nabendu akafungua kinywa. Ndiyo ilikuwa pale kooni, na hapana ilikuwa pale pale. Akawaza, ngoja kidogo. Akawaza, kama ningekuwa na ile barua. Tarapada akamsubiri, akamsubiri sana, uso wake umetulia kabisa, na mwishowe akatabasamu kidogo kama mtu aliyechoka kusimama kituoni.

Akakivuta kikombe, akanywa chote.

Mtaniuliza kwa nini asikimwage. Nabendu atajiuliza hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini, maana asiye na hatia angekimwaga, au ndivyo anavyofikiri saa nyingine. Saa nyingine anafikiri kinyume chake.

Tarapada akaanguka vibaya.

"Daktari," Nabendu akapiga ukelele. "Kuna daktari? Huu si mchezo. Amekunywa sumu, nimeitia mimi. Si mchezo, jamani."

Watu wakainuka wote kwa pamoja. Makofi yale, waliokuwapo wanasema, yalisikika mpaka ng'ambo ya reli. Maua yakamiminwa jukwaani. Akina mama wakalia kwa raha ya kulia. Nabendu akapiga magoti, akakiweka kichwa cha mzee mapajani, akawa anawatukana watu, anawatukana mama zao, na kadiri alivyotukana ndivyo walivyozidi kupiga makofi.

"Waache," Tarapada akamnong'oneza. "Baba yako pia walimpigia."

Mpiga ngoma ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akaruka, wakamnyanyua mzee watu wanne, wakampakia kwenye baiskeli ya mizigo. Mganga wa zahanati alikuwamo miongoni mwa watazamaji, ganda la karanga bado mdomoni, akaruka nyuma ya baiskeli. "Chombo alichonywea," akamfokea Nabendu. "Kilete haraka, nijue ni sumu gani. Bila hicho nafanya kazi gizani."

Nabendu akarudi jukwaani mbio. Maua tele, shada, kiti. Kikombe hakuna. Akapekua chini ya mbao. Akaenda hemani, akapindua masanduku. Sinia lipo, kitambaa kipo, kimekunjwa vizuri.

Akatoka kwa nyuma. Njia ya bwawani ilikuwa tupu na nyuma yake makofi hayajakoma. Kwenye ngazi ya mwisho, maji yanamfika vifundoni, alichutama mwanamke mwenye sari nyeupe ya upindo mwekundu. Anasugua kitu kwa jivu.

"Dada. Unafanya nini?"

"Naosha."

"Mganga anakitaka."

"Mganga akikitaka leo, polisi watakitaka kesho." Hakugeuka. "Nilikuona asubuhi, Nabu. Ulikuwa unatetemeka, nusu ulimwaga chini."

"Uliniona? Na ukakibeba, ukaniletea?"

"Nilikupa nafasi ya kusema pale mlangoni. Nikangoja. Ukaniambia tangulia." Akachota jivu jingine. "Nikajua hutakunywa. Wewe hujawahi kumaliza jambo tangu utotoni."

Nabendu alikitazama kile kikombe kinavyong'aa, akautazama mkono wa dada yake, na kidogo kidogo akaelewa jambo ambalo lingemfaa sana saa moja iliyopita. Mtu anaweza kuosha kikombe kwa sababu anampenda mtu. Kumbe ni kweli. Kumbe inawezekana kabisa.

Kutoka barabarani, upande ilikokwenda baiskeli, sauti moja ya kilio ikapanda. Kisha ya pili.

"Ameshakwenda," Sulekha akasema, akakisuuza kikombe.

Nabendu akaketi kwenye ngazi. Alilia sasa, kwa sauti, bila haya.

"Alisema kweli," akasema. "Baba mdogo alisema kweli tupu. Baba alijitilia mwenyewe, yeye aliosha tu kumsitiri. Na mimi nilishindwa kumwambia ndiyo. Neno moja, dada."

Mkono wa Sulekha ukasimama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamgeukia mdogo wake, akamtazama sawasawa. Rangi ya Malkia usoni mwake ilikuwa kavu kabisa.

"Alikwambia hivyo? Kwamba Baba alijitilia mwenyewe?"

"Ndiyo."

Akakipangusa kikombe kwa upindo wa sari, ndani na nje, taratibu, akakiweka mkononi mwa Nabendu.

"Maskini Baba mdogo," akasema. "Hata leo hakunitaja."